Nyamizi Pimbi na Mchawi Asiyekuwapo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kuzikana kama sisi, palikuwa na mji mmoja chini ya majabali, na kando ya mji palikuwa na bwawa. Bwawa lilikuwa hilo hilo moja. Mji mzima ulichota humo, ukafua humo, ukaoga humo. Na haja zao walikwenda kuzimaliza kwenye kichaka kilichokuwa juu ya bwawa, mahali ambapo mvua ikinyesha, maji huteremka moja kwa moja mpaka ndani.

Mtemi wa mji alikuwa Kiboko, jina lake Lugola. Yeye hata kichakani hakwenda. Alijisaidia mumo humo majini, huku mkia ukipiga pwata, pwata, na hakuna aliyethubutu kusema neno, kwa kuwa bwawa lilikuwa la baba yake na la babu yake.

Wakubwa wa baraza lake walikuwa wawili, Tembo Shigela na Nyati Masele. Na karibu na kigoda cha Mtemi alikaa Fisi Maganga. Maganga alikuwa na kazi mbili, kuganga wagonjwa na kuzika wafu. Wafu aliwapeleka wapi, hakuna aliyemwuliza. Lakini mwaka ule wa maradhi, kila mtu alikonda isipokuwa yeye.

Juu kwenye majabali aliishi Pimbi mmoja mjane, Nyamizi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa mguu, na ulimi wake mwepesi kuliko mguu. Alikuwa na watoto wawili wa kike, Mbula na mdogo wake Limi.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Mbula aliamka akihara. Jua lilipopanda alikuwa anatapika. Kilichomtoka hakikuwa na rangi ya chakula tena, kilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Macho yakadidimia. Nyamizi alipombana ngozi ya tumbo, ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

Akambeba mgongoni, mbio mpaka kwa Maganga.

Maganga alimtazama mtoto, akamnusa. "Asinywe kitu," akasema. "Ukimnywesha unamwongezea cha kuhara. Mfunge hirizi hii kiunoni, umlaze."

Nyamizi akamlaza. Mtoto akasema, "Mama, maji."

"Subiri, mwanangu. Mganga amekataza."

"Kidogo tu, mama."

"Subiri."

Mbula alisubiri. Alikuwa mtoto msikivu. Kabla jua halijatua alikuwa amekwisha, na Maganga akaja na machela yake akamchukua.

Siku tatu baadaye, Limi naye akaanza. Nyamizi hakulia, hakuwa na machozi ya kutoa. Alimfunga mtoto mgongoni akashika njia ile ile. Alipopita karibu na bwawa, alikutana na Nungunungu mmoja mzee, Bi Kalunde, anatoka kuchota.

"Unampeleka wapi huyo?" Bi Kalunde akauliza.

"Kwa Maganga, bibi."

"Ulikompeleka dada yake?"

Nyamizi akamkaza mtoto mgongoni.

"Lete mtoto hapa," akasema Bi Kalunde.

Nyumba ya Bi Kalunde ilikuwa ukingoni kabisa mwa bwawa. Jikoni palikuwa na chungu cha uji wa mtama, mwepesi mpaka unateleza kama maji. Bi Kalunde akatia chumvi kidogo, ya kuonekana kwenye ncha za vidole tu, akakoroga, akaonja, akampa Nyamizi kijiko.

"Mnyweshe."

"Bibi, akitapika?"

"Atatapika. Ngoja kidogo, kisha mpe tena, polepole. Kijiko kwa kijiko, usichoke. Kile kinachomtoka lazima kirudi. Mtungi uliotoboka ukiacha kuujazia, utabaki na nini?"

Nyamizi akanywesha. Limi akatapika, Nyamizi akamnywesha tena. Akanywesha mchana kutwa, mkono ukamfa ganzi, akahamia mkono wa pili. Alasiri ya siku iliyofuata Limi alikojoa, na Bi Kalunde akasema, "Huyo amerudi."

Hapo ndipo Nyamizi alipolia. Alilia kwa sababu Mbula aliomba maji.

Alipomaliza kulia, akafikiri. Akamwuliza, "Bibi, nyumba yako ndiyo ya kwanza kando ya bwawa. Maji unayochota ndiyo tunayochota sote. Mbona wewe huumwi?"

"Nitajuaje, mjukuu wangu? Mimi meno sina. Maji ya baridi yananichoma ufizi. Nakunywa uji, nakunywa chai. Maji yasiyopita motoni sijayatia kinywani tangu mume wangu, babu yako, alipokufa."

Nyamizi aliondoka na neno hilo. Akaenda nyumba moja moja zilizokuwa na msiba, akikaa mkekani na wafiwa na kuuliza taratibu: marehemu alikunywa nini, alikunywa wapi? Kila mahali jibu lilikuwa moja. Alikunywa ya mtungini, kama yalivyotoka bwawani. Kisha mvua iliponyesha asubuhi, alipanda juu ya jabali refu akatazama chini. Aliona kijito cha rangi ya kahawia kinatoka kichakani, kinajipinda kati ya nyasi, kinaingia bwawani kimya kimya.

Baraza lilipokutana, Nyamizi alisimama mbele ya wakubwa.

"Mtemi wangu," akasema, "kinachotuua ni bwawa. Tunajisaidia juu, mvua inashusha, tunakunywa chini. Tuchimbe vyoo mbali na maji. Tunawe mikono tukitoka huko na kabla ya kula. Na maji tuyachemshe kabla ya kunywa."

Mtemi Lugola alifumbua jicho moja. "Ngoja nielewe. Unasema mimi nawanywesha watu wangu mavi?"

"Nasema sote tunanyweshana, Mtemi."

Nyati Masele akacheka. "Maji nayo yapikwe? Kwani ni nyama, yana ubichi?"

Tembo Shigela akasema, "Sisi wa mwili huu tukachutame kwenye vishimo? Pimbi, mambo mengine yana ukubwa wake."

Maganga alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Msimlaumu. Amefiwa, akili imeyumba. Maradhi haya ni mkono wa mchawi, nami nawasaka wachawi usiku na mchana."

Mtemi akafunga shauri. "Nyamizi, nikisikia tena maneno haya ya mavi na bwawa langu, utahama mji huu wewe na mtoto uliyebaki naye. Kaa chini."

Nyamizi alikaa chini. Wiki ile walikufa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa ndama wa Nyati Masele. Machela ya Maganga yalipita asubuhi, yakapita adhuhuri, yakapita jioni.

Nyamizi alikaa mlangoni kwake akiyahesabu. Akajisemea, "Ukweli niliwapa mchana kweupe wakautema. Basi watakula uongo, maana ndio chakula walichozoea."

Siku ya pili yake, jua la utosi, Mtemi akiwa barazani na wakubwa wake, Nyamizi aliingia mbio. Alikuwa amejigaragaza vumbini, manyoya yamejaa miiba, anahema kwa hekaheka. Akaanguka chini mbele ya kigoda.

"Mtemi wangu, nipe maji nipumue."

Akapewa, akajifanya anakunywa, kumbe anayamwagia kifuani. Kisha akasema, "Nimetoka ng'ambo ya vilima. Nilikwenda kwa ndugu zangu kupeleka habari ya msiba. Nimemwona anayetuua."

Mtemi akafumbua macho yote mawili. "Nani?"

"Mchawi. Wanamwita Mkamuzi, kwa sababu akikushika anakukamua mpaka maji ya mwilini yaishe. Mtemi umeona wafu wetu walivyo, wamekauka kama ngozi iliyowambwa. Ni yeye."

Masele akanyanyua kichwa. Ndama wake alikufa hivyo hivyo. "Anatumia nini?"

Nyamizi akatazama chini kama anayeona haya. "Naogopa kutamka mbele ya wakubwa."

"Tamka," akasema Mtemi.

"Mavi, Mtemi. Anaokota mavi ya mtu, anayasomea. Lakini si ya kila mtu. Ya sisi wadogo anayaruka. Anatafuta ya wakubwa. Nimesikia kwa masikio yangu akiwaambia vijana wake, 'Nileteeni ya Kiboko, nileteeni ya Tembo, nileteeni ya Nyati. Nikiyapata hayo matatu, mji ule ni wangu.'"

Tembo Shigela, ambaye asubuhi ile alikuwa ameacha rundo kubwa kama kichuguu kichakani, alianza kusogeza miguu yake mmoja mmoja.

"Na yaliyomo bwawani?" Mtemi akauliza polepole.

"Hayo ameshayagusa. Amekuja akachovya kidole chake majini. Ndiyo maana watu wanakufa wakinywa."

Wote wakamgeukia Maganga. Aseme nini? Aseme hakuna uchawi? Ni yeye aliyewafundisha kuuogopa.

"Kinga yake?" Mtemi akauliza.

"Nilimwuliza mzee mmoja wa kule," akasema Nyamizi. "Akaniambia Mkamuzi ana mambo matatu asiyoyaweza. Hawezi kufukua shimo refu lililofunikwa, likiwa mbali na maji, upande wa chini wa bwawa. Hawezi kumfuata mtu aliyenawa, maana yeye hufuata harufu ya mkono. Kwa hiyo ukitoka shimoni, unawe kwa maji na majivu, sugu sugu mpaka kati ya vidole, na unawe tena kabla ya kushika chakula. Na hawezi moto. Maji aliyoyachovya, yatie chunguni yachemke mpaka yatokote, bwata bwata, ndipo nguvu yake inakufa. Yapoe yakiwa yamefunikwa, asije akachovya tena."

"Basi tutafanya hivyo sisi wakubwa," akasema Mtemi.

"Ninyi tu, Mtemi wangu. Sisi wadogo hana haja nasi."

Hapo Tembo Shigela akakohoa. "Mtemi, samahani. Wadogo wanatupikia. Wanatuchotea maji. Wanalala vibarazani petu. Huyu Mkamuzi akishindwa kupita mlangoni, si atapita kwao?"

Nyamizi akajifanya amestaajabu. "Mzee Shigela, hilo mimi sikuliona kabisa."

"Ndiyo maana sisi tuko barazani," akasema Tembo.

Kabla ya jioni amri ilikuwa imetoka. Kila nyumba shimo lake, kila shimo kifuniko chake, kila mlango chombo cha maji na majivu, kila jiko chungu cha maji ya kunywa. Tembo alichimba kwa pembe, Nyati kwa kwato, kudi kudi, kudi kudi, na kwa kuwa kila mmoja alimwogopa Mkamuzi kuliko mwenzake, kila mmoja alitaka shimo lake liwe refu zaidi. Wakiisha kuchimba ya kwao, waliwachimbia na wadogo. Mtemi mwenyewe alitoka bwawani, akachimbiwa shimo kubwa kama nyumba.

Na Bi Kalunde akapita nyumba kwa nyumba na chungu chake, akiwafundisha kina mama uji mwepesi wenye chumvi. Nyamizi aliwaambia uji huo unamroga Mkamuzi kwa mtama, wakaamini.

Wiki ya kwanza walikufa wanne. Wiki ya pili akafa mmoja. Mwezi ulipoisha, machela ya Maganga yalikuwa yameegemezwa ukutani, buibui amefuma juu yake.

Maganga akaanza kukonda. Akatafakari, akachukua fimbo, akavuka vilima. Alikaa siku nne. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi, na Mtemi akaitisha baraza, mji mzima.

"Nimefika ng'ambo," akasema Maganga. "Nimeuliza kila kijiji. Hakuna Mkamuzi. Hajawahi kuwapo. Na ndugu za Nyamizi hawajamwona mwaka wa tatu huu. Pimbi amewachimbisha mashimo kama fuko, amewanawisha kama watoto, na huko majabalini anawacheka."

Mtemi Lugola akamtazama Nyamizi. "Ni kweli?"

Nyamizi alikuwa amemshika Limi mkono. Angeweza kutunga uongo mwingine, nao ulikuwa umemjia tayari ulimini. Akaumeza.

"Ni kweli, Mtemi. Mkamuzi hayupo. Lakini niliwaambia ukweli hapa hapa, mkanicheka. Nikawaambia uongo, mkaokoka. Angalieni watoto wenu waliosimama hapa. Msinisamehe mimi, ila mashimo msiyafukie. Maji msiache kuyachemsha."

Mtemi hakuwa anasikia. Alikuwa anasikia kicheko ambacho hakuna aliyekicheka. Mtemi mzima, mwezi mzima, ananawa majivu kwa hofu ya mchawi wa kutungwa na Pimbi.

"Nileteeni bakuli," akasema.

Wakaleta. Akaenda ukingoni mwa bwawa. Wiki ile mvua ilikuwa imerudi, ikasomba uchafu wa zamani uliokuwa umebaki kichakani, na maji yalikuwa mazito. Akachota, chubwi.

Nyamizi alikimbia akamkamata mguu. "Mtemi wangu, nifukuze. Niue ukitaka. Usinywe hayo."

"Haya ni maji ya baba yangu," akasema Lugola, akanywa mpaka tone la mwisho. Akafuta mdomo. Akachota tena, akamgeukia Maganga. "Nawe kunywa, mganga wangu, watu hawa waone."

Maganga akarudi nyuma hatua moja. "Mtemi, mimi leo nimefunga."

"Fungua. Mimi ndimi ninayekufungulia."

"Tumbo langu tangu jana si zuri."

"Kunywa, Maganga."

Fisi alitazama bakuli kama mtu anayetazama shimo la kaburi. Na hapo mkewe, aliyekuwa amesimama na kina mama wengine, akasema kwa wema kabisa, akidhani anamsaidia mumewe, "Mtemi, msamehe tu. Sisi nyumbani hatujanywa ya bwawa bila kuchemsha tangu mwaka juzi. Alitukataza. Alisema yanaua."



Mtemi Lugola alimtazama Maganga, kisha akalitazama bakuli lililokuwa bado mkononi, na taratibu akaweka mkono mwingine juu ya tumbo lake. Aliyoyanywa yalikuwa yamekwisha shuka.

Nyati Masele ndiye aliyesogea kwanza. "Ulijua," akamwambia Fisi. "Ndama wangu alipokuwa analilia maji, ulijua."

Maganga hakungoja aseme la pili. Alikimbia, na Nyati nyuma yake, na tangu siku ile Fisi haishi mjini.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, Mtemi alianza kuhara. Nyamizi hakuitwa, alikwenda mwenyewe. Bi Kalunde akawasha moto, kina mama wakaleta vyungu, kila nyumba chungu chake. Nyamizi alisimama juu ya kinu ili afikie mdomo wa Mtemi, akanywesha kwa kata badala ya kijiko. Mtemi alinyweshwa vyungu ishirini. Lakini wanangu, mwili ule ulikuwa mkubwa. Kilichomtoka Kiboko kwa saa moja, mji mzima haukuweza kukipika kwa siku moja.

"Nyamizi," akasema, sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto.

"Nipo, Mtemi."

"Yule mtoto wako. Anaitwa nani?"

"Limi."

"Si huyo. Yule mwingine."

"Mbula."

Lugola akafumba macho. "Mbula," akasema. Baadaye akasema, "Waambie wasifukie mashimo." Alasiri akakata roho.

Kwa kuwa mzishi hakuwapo tena, Tembo na Nyati walimchimbia kaburi wenyewe, refu, upande wa chini, mbali na maji. Walipomaliza kulifukia, Tembo Shigela alikwenda kwenye chombo cha maji na majivu. Hakuna aliyemwambia, na alijua mchawi hayupo. Alinawa polepole, sugu sugu, kisha akasogea pembeni ampishe Nyati. Nyuma ya Nyati mji wote ulijipanga, wakubwa kwa wadogo, na Nyamizi alikuwa wa mwisho, Limi mgongoni.

Nanyi wanangu mliosikia, ondokeni na hili moja: maradhi hayamwogopi mkubwa wala mwenye nguvu, yanaogopa choo, moto na mikono iliyonawa.